Mbwa, paka, ndege, mnyoo: namna ya kusoma wanyama wa shaba kando ya Mto Hudson

Waliotumwa dukani Tanzania miaka ya 1970 wanaikumbuka senti tano. Upande mmoja Mwalimu, upande wa pili samaki mwenye mdomo kama mkuki na pezi la mgongoni lililotandazwa kama tanga: sulisuli. Sarafu hiyo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1966, na ndugu zake walibeba wanyama pia, mbuni kwenye senti ishirini na sungura kwenye sumni. Ila wao walikuwa wa madini mengine. Sulisuli ndiye aliyekuwa wa shaba nyeusi, kwa hiyo mtoto aliyekwenda kununua peremende alikuwa amefumbata kiganjani mnyama wa shaba bila kujua.

Naanza na sarafu hiyo kwa sababu bustani ninayotaka kuieleza, iliyoko New York kandokando ya Mto Hudson, imejaa wanyama wa shaba nyeusi na imejaa sarafu pia. Anayekwenda pale akaona wanyama tu hurudi na picha nzuri. Anayeziona na sarafu ndiye aliyeanza kulifungua fumbo.

Lakini kwanza tuondoe utata wa jina, maana Kiswahili kimelitwisha neno moja mzigo wa watu watatu. Waya wa umeme ni shaba: hiyo ni shaba nyekundu, madini yenyewe kama yanavyotoka Katanga, mkoa ambao tangu 1971 hadi 1997 uliitwa Shaba kabisa. Misumari mikubwa ya milango ya Zanzibar nayo tunaiita shaba, ingawa hiyo ni shaba iliyochanganywa na zinki, ya manjano. Na mkimbiaji anayeshika nafasi ya tatu hupewa medali ya shaba, ambayo kwa jina kamili ni shaba nyeusi: shaba iliyochanganywa na bati. Hapo tena inabidi tusimame kidogo, kwa sababu bati la kuezekea nyumba ni chuma kilichopakwa zinki. Bati halisi ni yale madini yanayochimbwa Kyerwa, mkoani Kagera. Fungu moja la bati kwa mafungu tisa ya shaba nyekundu, ndiyo kanuni ya kale ya shaba nyeusi. Siku hizi karakana nyingi za Marekani zinazotengeneza sanamu hazitumii bati hata kidogo. Huweka silikoni kama asilimia 4 na manganizi kidogo, na iliyobaki yote ni shaba nyekundu. Jina limebaki, bati limeondoka. Nitakapoandika shaba kuanzia hapa, elewa ni hii ya sanamu.

Sasa twende mtoni. Bustani yenyewe inaitwa Nelson A. Rockefeller Park, na iko kwenye ukingo wa magharibi wa kisiwa cha Manhattan, katika mtaa wa Battery Park City. Ukisimama pale, ng'ambo unaiona New Jersey. Chini ya miguu yako palikuwa maji. Mtaa mzima, kama hekta 37, ni ardhi iliyojazwa mtoni, na sehemu ya kifusi hicho ni udongo na mawe yaliyochimbwa kupisha misingi ya minara miwili ya World Trade Center. Shirika la umma la kusimamia eneo hilo liliundwa kwa sheria ya jimbo mwaka 1968, wakati Rockefeller mwenyewe akiwa gavana. Baadaye akawa Makamu wa Rais wa Marekani. Babu yake ni yule John D. Rockefeller wa mafuta ya petroli, ambaye jina lake bado ni kipimo cha utajiri hata kwa watu wasiojua alifanya kazi gani.

Kwa hiyo hesabu vizuri. Ardhi iliyotokana kwa sehemu na kuchimba msingi wa kituo cha biashara. Bustani yenye jina la ukoo wa matajiri. Soko la hisa la Wall Street likiwa mwendo wa kama dakika 20 kwa miguu. Mahali kama hapo ndipo mchongaji Tom Otterness, mzaliwa wa Wichita, Kansas, mwaka 1952, alipopewa nafasi ya kuweka sanamu. Bustani ilifunguliwa 1992 na kazi yake ikafunguliwa mwaka huohuo. Aliipa jina The Real World, yaani dunia yenyewe ilivyo. Jina kubwa hilo kwa vitu ambavyo vingine havikufiki gotini.

Kundi linalozungumzwa zaidi ni la wanne. Kuna mbwa aliyefungwa kamba kwenye bomba la maji ya kunywa. Mbwa anamtazama paka. Paka hana habari na mbwa, kwa sababu yeye anamnyemelea ndege. Ndege naye hajui kuna paka, maana macho yake yako kwa mnyoo.

Ni hilo tu. Hakuna kibao cha maelezo kinachohitajika, na mtoto wa miaka minne anaielewa papo hapo na kucheka. Ila jaribu kufuata macho badala ya kufuata miili, uone linavyobadilika. Kila mmoja anajiona mwindaji. Kila mmoja ana uhakika kwamba yeye ndiye anayeona, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba anaonwa, kwa sababu hatari yake iko mgongoni. Wazee walishasema vita vya panzi furaha ya kunguru, lakini methali ile ina kunguru mmoja anayenufaika. Hapa hakuna wa kunufaika: mkubwa kuliko wote, mwenye nguvu ya kumaliza mambo, kafungwa. Kamba ndiyo inayowashikilia wote mahali walipo. Ukimfungua mbwa, paka atakimbia. Paka akikimbia, ndege ataruka. Na mnyoo atapona siku hiyo bila kujua aliyemwokoa ni nani. Kisha angalia nyuma ya mbwa, utakuta mtoto amesimama akimtazama, na nyuma ya mtoto yupo mama anayemtazama mtoto. Mstari haukuishia kwenye shaba.

Kwa sisi tuliolelewa na hadithi za sungura na fisi, njia hii si ngeni. Mnyama ni pazia. Ukimsema mwenye mali kwa jina lake utapelekwa mahakamani. Ukimsema fisi aliyekufa kwa tamaa, kila mtu atacheka, na mwenye mali atacheka pia, labda kwa sauti kuliko wote. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Otterness alikuwa anafanya kazi kwa fedha za taasisi ya umma, kwenye kiwanja kilicho jirani na mabenki. Angeweka sanamu ya mwenye benki akimkaba mpangaji, isingepita hata kwenye michoro. Akaweka paka.

Hakuishia kwa paka, ingawa. Tawanya macho bustanini utaona watu wadogo wa mviringo, vichwa kama maboga, wakisukuma na kubingirisha senti. Ni senti za Marekani, ila kubwa kuliko anayezisukuma. Hapo ndipo kejeli inapozama ndani ya madini yenyewe, na sijui kama wapita njia wengi hulitambua hili: senti ya Marekani, tangu 1864 na kwa karibu miaka 100 iliyofuata, ilikuwa ya shaba nyeusi, ukiacha miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, hasa kituko cha 1943 ilipotengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki ili shaba ipelekwe vitani. Halafu shaba ikapanda bei. Tangu 1982 senti ikawa zinki tupu iliyopakwa ngozi nyembamba ya shaba. Kufikia mwaka wa fedha wa 2024, kuitengeneza senti moja kulikuwa kunaigharimu serikali zaidi ya senti tatu na nusu, na Novemba 2025 kiwanda cha Philadelphia kikapiga za mwisho za matumizi ya kawaida. Senti za zamani za shaba bado zimo kwenye makopo ya watu, lakini zilizo rahisi zaidi kuonekana hadharani mjini New York labda ni hizi za bustanini ambazo hazinunui kitu. Msanii hakupanga hilo mwaka 1992. Limemjia lenyewe.

Mchezo huohuo wa wanyama na fedha aliuendeleza chini ya ardhi. Kituo cha treni cha 14th Street na 8th Avenue kina zaidi ya sanamu 100 za mkono wake zilizowekwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mojawapo ni mamba anayechomoza kutoka kwenye tundu la maji taka na kumng'ata mtu ambaye kichwa chake ni mfuko wa fedha. Mamba anatoka kwenye uvumi wa siku nyingi wa wenyeji wa New York kwamba mifereji yao ya chini imejaa mamba. Kichwa cha mfuko wa fedha kina mwenyewe: ni mchora katuni Thomas Nast, aliyemchora hivyo bosi wa siasa za mji ule, William Tweed, mwaka 1871. Tweed alikuwa fisadi wa kiwango cha juu, na mchoro ule ulisaidia kumwangusha. Kwa hiyo abiria anayemwona mamba akacheka, anacheka kichekesho chenye zaidi ya miaka 150.

Watu wengi wakiona sanamu hizi hudhani msanii kachukua kipande cha shaba akakigonga mpaka kikawa paka. Sivyo. Paka alikuwa udongo kwanza, halafu nta, na shaba ikaja mwishoni kabisa, tena kwa dakika chache tu.

Msanii hufinyanga udongo. Udongo ukishakuwa paka anayemtaka, hupakwa raba laini ya silikoni inayoingia hadi kwenye mkunjo mdogo wa sikio, na juu ya raba hujengwa ganda gumu la plasta ili isilegee. Vikikauka, hufunguliwa pande mbili kama unavyofungua ganda la korosho, na udongo hutolewa. Sasa una tundu lenye umbo la paka. Humo hupakwa nta iliyoyeyuka, tabaka juu ya tabaka, mpaka ifikie unene wa kama milimita 5. Hapa msomaji aangalie vizuri, kwa sababu ndipo siri ilipo: unene wa nta hii ndio utakaokuwa unene wa shaba. Paka wa nta hutolewa akiwa mtupu ndani, kama yai la Pasaka.

Kisha huwekewa mirija, nayo ya nta: mingine ya kupitishia shaba, mingine ya kutolea hewa, na juu kabisa kikombe cha kumiminia. Ukimwona wakati huo anafanana na mgonjwa wa chumba cha mahututi. Huchovywa kwenye uji mzito wa kauri, hunyunyiziwa mchanga laini, huachwa akauke, huchovywa tena. Mara nane, mara kumi, siku kadhaa. Ganda likishakuwa gumu huingizwa kwenye tanuri kali, na nta yote iliyokuwa paka huyeyuka na kutiririka nje. Kinachobaki ni pengo lenye sura ya paka. Ndani ya pengo hilo, shaba yenye moto wa kati ya nyuzi 1,100 na 1,200 za Selsiasi humiminwa mara moja bila kusita, kwa sababu ukisita inaganda njiani na paka anatoka bila mkia.

Kiswahili cha wahunzi kina kitenzi chake cha kazi hii, kusubu, na chombo cha umbo kinaitwa kalibu. Maneno mazuri yanayokufa taratibu. Tuyatumie.

Ikishapoa, ganda huvunjwa kwa nyundo. Mirija, ambayo sasa ni ya shaba, hukatwa. Sanamu kubwa husubiwa vipande vipande, kwa hiyo viungo huchomelewa, kisha tupa na msasa hupita mpaka alama ya uchomeleaji isionekane. Fundi mzuri hupimwa kwa kazi ambayo huwezi kuiona.

Kwa nini taabu yote hii ya kumfanya awe mtupu ndani? Chukua dumu la maji la lita 20, lile la kawaida. Likijaa maji lina kilo 20. Dumu lilelile lingekuwa shaba tupu mpaka katikati lingefika kilo 175 hivi. Ukilifanya la ganda la milimita 5 linarudi kwenye kilo 20 na kidogo. Uzito ni nusu ya sababu. Nusu ya pili ni kwamba shaba hunywea inapopoa. Mahali penye unene, nje hutangulia kuganda huku ndani bado ni uji, na ule uji unapokuja kunywea huivuta ngozi na kuipasua. Ganda lenye unene mmoja hupoa kwa pamoja na halipasuki.

Mbinu hii haikuanzia New York wala Ulaya. Igbo-Ukwu, kusini-mashariki mwa Nigeria, mafundi walikuwa wakisubu shaba kwa nta zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mwaka 1938 mtu mmoja alikuwa anachimba shimo la kuhifadhia maji nyumbani kwake akavikuta vyombo vyao, na mwanaakiolojia Thurstan Shaw akaja kuchimba rasmi kuanzia 1959. Juu ya chombo chenye umbo la kombe la konokono wa baharini, fundi wa Igbo-Ukwu aliweka nzi. Nzi wadogo, wamejipanga, kazi ambayo haikumwongezea mnunuzi chochote isipokuwa kicheko. Nikiambiwa kwamba wanyama wa shaba wenye utani ni mtindo wa kisasa, huwa namkumbuka yule aliyekaa akafinyanga nzi.

Kalibu ya raba ikibaki salama, paka mwingine anaweza kuzaliwa. Hilo si jambo dogo kwa sanamu za nje. Mchongaji Nancy Schön aliweka bata na vifaranga wake wanane wa shaba katika bustani ya umma ya Boston mwaka 1987, na mwaka 1991 nakala yao ikapelekwa Moscow kama zawadi ya Barbara Bush kwa Raisa Gorbacheva. Wezi wa vyuma chakavu, ambao inaonekana hawana taifa, wakawang'oa baadhi ya vifaranga. Wakasubiwa wengine, wakarudishwa mwaka 2000. Sisi wenye mifuniko ya mitaro inayopotea usiku tunaelewa bila kusimuliwa.

Shaba ikitoka kwenye ganda ina rangi ya dhahabu mbichi, inang'aa kupita kiasi, haipendezi hata. Rangi ya hudhurungi au ya kijani tunayoiona ni dawa. Fundi huipasha sanamu kwa mwali wa gesi huku akipaka kemikali: za salfa kwa weusi, za chuma kwa wekundu wa kutu, za shaba kwa kijani. Kisha hufunika kwa nta. Nta tena! Imezaliwa kwenye nta na inalindwa na nta, na inatakiwa kupakwa upya kila baada ya muda.

Mto wenyewe ndio adui. Hudson hapa chini una maji ya chumvi. Bahari huupanda mto huu hadi mji wa Troy, karibu kilomita 240 juu, na watu wa asili wa bonde lile waliuita mto unaotiririka pande mbili. Hewa ya chumvi inaleta kloraidi, na kloraidi ikipenya chini ya ngozi ya shaba huanzisha ugonjwa. Wahifadhi huuita ugonjwa kwelikweli. Chumvi ya shaba hukutana na unyevu na hewa, huzaa asidi, asidi hula shaba mpya, hiyo nayo hugeuka chumvi, na mzunguko hauishi mpaka mtu aukatize. Dalili yake ni unga wa kijani kibichi unaotoka kwenye vishimo vidogo. Ile kijani tulivu, ngumu, iliyosambaa sawasawa, siyo ugonjwa. Hiyo ni ngozi inayolinda.

Halafu kuna mikono. Sanamu iliyo kwenye kimo cha mtoto hushikwa, hupandwa, hukumbatiwa, na kila kiganja kinaondoka na chembe ya nta na chembe ya rangi. Ndiyo maana wanyama wa bustani za umma hung'aa puani, masikioni na mgongoni, hali mapajani na tumboni wamebaki weusi. Mng'ao ule ni daftari la mahudhurio. Linganisha na Askari wa shaba wa Dar es Salaam, yule wa mwaka 1927 aliyesubiwa Uingereza: amesimama juu ya nguzo katikati ya magari, bunduki mbele, na hakuna mkono unaomfikia. Alitengenezwa atazamwe kwa kuinua shingo.

Mfano mzuri zaidi uko jirani. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Desemba 1989, Arturo Di Modica alishusha kutoka kwenye lori fahali wa shaba wa zaidi ya kilo 3,000 mbele ya soko la hisa, bila kibali cha mtu yeyote. Polisi wakamwondoa, watu wakalalamika, akahamishiwa Bowling Green na yupo hadi leo. Fahali yule anang'aa sehemu tatu: pua, pembe, na zile za nyuma ambazo watalii hupanga foleni kuzishika wakiamini zinaleta bahati ya fedha. Fahali anasema jambo moja kwa sauti kubwa: nguvu. Wanyama wa Otterness, wakiwa mwendo mfupi kutoka hapo, wanauliza nguvu hizo zimefungwa kwenye nini.

Kuna mwingine nisiyeweza kumpita. Kaskazini zaidi, katika bustani ya Bella Abzug eneo la Hudson Yards, wachongaji wawili wa Australia, Gillie na Marc, waliweka mwaka 2020 sokwe mkubwa wa shaba ambaye watu wawili watatu wanaweza kuketi kiganjani mwake. Ni gorila, na nia yake ni njema: kuwafanya watu wawajali gorila wa milimani waliobaki. Wakampa jina King Nyani, na ikatangazwa kwamba nyani ni neno la Kiswahili lenye maana ya gorila. Jamani! Nyani ni yule wa mahindi yetu, mwenye mkia na pua ya mbwa. Msomaji yeyote wa Kiswahili akipita pale angetafuta mkia na asiuone. Wasemaji wa Kiswahili New York si wachache, na kuuliza ni bure.

Kosa la jina tumwachie. Kinachonisumbua ni kwamba yule gorila anakuambia cha kufanya kabla hujafika: njoo, keti mkononi, piga picha, sikitika. Wanyama wa Otterness hawakuambii chochote. Wengine huwaoni mpaka umeketi kwenye benchi dakika kumi na macho yamechoka kutazama mto. Utani wa kweli hutaka mtu aukute mwenyewe.

Tumebakiza jambo zito, nalo linatoka kwa mbwa yuleyule. Mwaka 1977, akiwa kijana wa miaka 25, Otterness alimchukua mbwa kutoka kituo cha kutunzia wanyama, akampiga risasi na kumwua, akarekodi tendo hilo kama kazi ya sanaa. Haikufichika hata wakati ule, lakini ilisahaulika jinsi alivyozidi kuwa mtu wa sanamu zinazopendwa na watoto. Mwaka 2008 aliomba radhi hadharani, akakiri kwamba kitendo hakina utetezi. Watetezi wa wanyama hawakuridhika, na mwaka 2011 San Francisco ilisitisha kandarasi ya sanamu alizokuwa azitengeneze kwa ajili ya treni yao ya chini ya ardhi.

Watu huuliza kama sanamu zing'olewe, sasa habari hii inapojulikana. Kuna wanaojibu kwamba kazi ikishatoka mikononi mwa mtu si yake tena, na wanaojibu kwamba fedha za umma zisimlipe mtu wa namna hiyo hata senti. Ninaegemea upande wa kuziacha mahali zilipo, lakini sikubaliani na wale wanaosema mbwa aliyefungwa bombani ni toba ya msanii. Hiyo ni hadithi tunayojitungia tupate kulala. Mbwa yule kafungwa kwa sababu kichekesho kilihitaji kamba. Ninachokiri ni kwamba tangu nilipoisoma habari ya 1977, nikitazama picha za kundi lile jicho langu haliendi tena kwa paka kwanza. Linakwenda kwenye shingo ya mbwa, pale kamba ilipopita. Mstari wa macho umepata mtazamaji mwingine, anayesimama nyuma ya wote, ambaye mwanzo sikujua kumweka kwenye hesabu: yule aliyewafinyanga.

Ukijaliwa kufika, shuka kwenye treni kituo cha Chambers Street, ufuate barabara hiyo kuelekea magharibi mpaka ikuishie kwenye maji. Kundi liko upande wa kaskazini wa bustani. Mbwa na paka utawaona ukiwa umesimama. Ndege inabidi uiname. Mnyoo hutamwona mpaka uchuchumae, na ukichuchumaa, geuka utazame nani yuko nyuma yako.